Tairi za Baba Mkwe

Sehemu ya Saba

Kidole bado kiko juu.

Jumbe zenu nimezipata, wasomaji, na wengine mmenitukana bila kosa. Mama mmoja wa Ikwiriri ameniandikia kwamba nimkate Huseni kidole hicho kabla gazeti halijachapwa. Mama, mimi ni mwandishi, sina bucha. Aliyenyoosha kidole ni Huseni mwenyewe, saa tatu asubuhi, mbele ya watu wazima na akili zake timamu.

Kwa aliyepitwa nasema mara moja, sirudii. Huseni ni dereva wa kliniki ya macho inayotembea. Kliniki yenyewe ni tela zito, chumba kizima cha upasuaji kilichojengwa juu ya tairi nane, mbele limeegemea mgongoni mwa lori. Juzi, walipovuka tu daraja la Ndundu, tairi moja ya nyuma ilipasuka. Tela likayumba, likavaa mawe ya pembeni, na nesi Belinda aliyekaa kiti cha mbele akavunjika mfupa wa bega. Daktari Consolatha, mkuu wa kliniki, akaitisha kikao uwanjani kwake hapa Kibiti. Kipande cha tairi kikawekwa katikati. Akauliza: nani aliyetia upepo tairi hii?

Huseni akamnyooshea kidole Tatu.

Tatu ni fundi wa tairi. Kompresa yake iko nje ya geti la kliniki, miaka minne sasa, na hakuna mwanamke mwingine anayefanya kazi hiyo barabara nzima ya Kibiti. Nani alimfundisha kazi? Huseni huyo huyo. Tuendelee.

"Ulitia upepo kiasi gani?" Daktari alimgeukia Tatu.

"Mia na kumi, Daktari. Nikaandika kwa chaki ubavuni, kama siku zote. Kaka Huseni alikuwa amesimama pale pale. Geji aliisoma yeye."

Macho yote yakamrudia Huseni. Hapo mtu angeweza kujirudi. Angesema tu, samahani, nimechanganya, na leo tusingekuwa na hadithi.

"Bwana Huseni, uliisoma geji?"

"Sikuangalia," alisema Huseni. "Nilikuwa naongea na simu."

Haya, huo ni uongo wa pili, na hata chai hajanywa.

Geji aliisoma. Mia na kumi, sindano imetulia, akatikisa kichwa kwamba sawa. Alijua upepo haukuwa na kasoro. Kilichomfunga mdomo ni kitu kingine. Tairi ile, pamoja na pacha wake, alizichukua wiki mbili nyuma dukani kwa Mzee Abdulrazaq, baba mzazi wa mkewe, na alizichukua bila kuzikagua. Angemtaja Tatu au angemtaja baba mkwe. Akamtaja Tatu.

Tatu hakulia. Hakupiga kelele. Alimtazama mwalimu wake mara moja tu, na Huseni akajikuta anasoma maandishi ya kwenye galoni la maji lililokuwa pale chini, herufi kwa herufi.

"Toa kompresa yako getini kwangu leo hii," alisema Daktari. "Nina mfanyakazi amelazwa hospitali ya Mchukwi kwa uzembe wako. Siwezi."

"Sawa, Daktari." Tatu alijifunga vizuri kanga yake kiunoni. "Nauliza tu, safari ya Mloka ipo?"

"Jumatatu. Wazee sitini wananisubiri kule, siwezi kuwaangusha."

"Basi sawa."

Huseni alijua kwa nini ameuliza. Mama yake Tatu, Bi Mwanahalima, yuko Mloka. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka huu nguruwe pori wameingia kwenye muhogo wake, na yeye amekaa mlangoni akiwasikia wakitafuna, hawaoni. Jina lake limo kwenye orodha ya Daktari, namba kumi na saba. Tatu angewasha moto pale kikaoni, safari ingeahirishwa. Kwa hiyo alimeza.

Hilo Huseni alilielewa vizuri sana, na akasikia aibu inampanda kuanzia shingoni mpaka masikioni.

Nje ya geti, dereva wa bajaji aliyekuwa anasubiri tairi yake ijazwe aliwasha chombo.

"Dada Tatu, ngoja nikajaze kwingine."

"Nimeshaunga mpira, ni dakika moja."

"Hapana, dada yangu. Si unajua, nabeba roho za watu."

Akaondoka. Tatu alibaki ameshika mpira wa upepo mkononi. Huseni akasogea, akainama kushika upande mmoja wa kompresa amsaidie kuipakia kwenye toroli.

"Acha, Kaka," alisema Tatu. "Utachafuka."

Maneno matatu tu. Huseni alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi, na wapita njia wakadhani ni adabu.

*

Mnadhani ameshapata haki yake? Bado.

Hajafika hata kivulini, Daktari Consolatha akamwita, uso umechangamka.

"Bwana Huseni, Mungu ametukumbuka! Mzee Abdulrazaq amenipigia sasa hivi. Kumbe ni mkweo? Amesikia ajali yetu, anasema ana tairi nne dukani, aina ile ile ya zile mbili. Anatupa zote. Sadaka! Hataki hata shilingi."

Huseni alivua kofia, akaivaa tena.

"Tairi nne ndizo tunazohitaji," Daktari aliendelea. "Iliyopasuka, pacha wake aliyebeba mzigo peke yake, na zile mbili zilizochanwa na mawe. Nenda ukazikague. Mimi nayajua macho ya watu, tairi zinanishinda. Wewe ndiye mwenye jicho la tairi Kibiti hii, kila mtu anasema. Nakuamini. Nitakuja kuzipokea mwenyewe saa kumi, na majirani watakuwepo, tutapiga dua na picha."

"Daktari, labda tungetafuta mpya..."

"Mpya zije lini? Leo Jumamosi!"

Akaenda zake. Huseni alibaki uwanjani na lile neno, nakuamini. Bora angemtukana.

*

Nyumbani, mkewe Yasmin alikuwa ameandaa wali wa nazi na kamba wa kutoka delta. Kwa kawaida Huseni akiona kamba haambiwi karibu. Leo alikuwa anawasogeza tu pembeni ya sahani.

"Baba Faraji, mbona huli?"

"Joto."

"Nasikia Tatu ameondolewa getini."

"Ndiyo."

"Ni kweli hakutia upepo?"

Huseni alikunywa maji. Glasi nzima.

"Kikao kimeshaamua."

"Sijauliza kikao," alisema Yasmin. "Nimekuuliza wewe."

Nzi alitua kwenye kamba, hakuna aliyemfukuza.

Yasmin akasogea karibu, akashusha sauti. "Mimi mwenyewe nina neno. Kuhusu hizo tairi za baba. Nimelikalia muda mrefu, nimeshindwa."

"Yasmin, mke wangu, leo tairi sitaki kuzisikia."

"Ni neno la muhimu."

"Baadaye!"

Alinyanyuka, akavaa katambuga zake mlangoni. Ndala za mpira wa tairi, ngumu, aliyemshonea mwaka jana ni Mudy, yule mshona katambuga wa ng'ambo ya duka la mkwe. Yasmin alizitazama katambuga zile, akamtazama mumewe usoni, akaanza kukusanya sahani. Laiti ungemsikiliza, Huseni! Lakini mwanamume akishasema baadaye, nani atamrudisha?

*

Saa kumi kamili. Duka la Mzee Abdulrazaq liko kando ya lami, upande wa kwenda Ikwiriri. Viti vya plastiki vimepangwa, mkeka umetandikwa, birika la kahawa linazunguka. Majirani wamejaa. Mudy naye amevuka barabara na sindano yake mkononi, amekuja kuona. Yasmin amekaa kizingitini mwa duka la baba yake. Na mbele ya wote, tairi nne zimesimamishwa ukutani, zimepakwa kiwi mpaka zinang'aa, kashata zake, yale meno ya kukanyagia, nene, mtu angesema zimeshuka melini jana.

"Shikamoo, baba," alisema Huseni, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo umenipa heshima."

Kwa wasomaji wangu wa bara niseme kidogo. Huseni kwa mkwewe hakai mkeka mmoja naye, hali mbele yake, hamjibu kwa sauti. Na kitu cha mkwe hakipekuliwi. Ukipewa unapokea kwa mikono miwili, unashukuru. Ndiyo maana zile mbili za mwanzo alizipokea vile vile, akaenda zake.

Daktari Consolatha alishuka garini na tabasamu. "Bwana Huseni, kabla sijapokea, nifundishe. Tairi ya tela inachaguliwaje?"

Watu wakasogea. Na Huseni, mwenzenu, aliposikia kuulizwa kazi yake, alijisahau. Ulimi ukapata mafuta.

"Kwanza Daktari, usidanganywe na kashata. Mwenye gari dogo ndiye anayeangalia kashata. Tela lile halivuti, linabebeshwa tu, mzigo wote unakaa ubavuni mwa tairi. Unasoma hapa ubavuni, kuna namba ya uzito ambao tairi inaruhusiwa kubeba. Ikiwa ndogo, hata iwe mpya, iache dukani."

"Hii inatosha?"

"Inatosha. Halafu tairi zinazokaa pacha lazima zilingane urefu. Moja ikizidi hata kwa kidole, yenyewe ndiyo itakayobeba, mwenzake atakuwa anasindikiza. Halafu umri. Mpira unazeeka hata ukikaa ghalani. Kuna namba nne zimeandikwa, mbili za wiki, mbili za mwaka."

"Kumbe! Ziko wapi hapa?"

Huseni aliinama. Kiwi kilikuwa kimeziba kila kitu. "Zimefunikwa na rangi kidogo," alisema, na sauti ikapungua.

"Basi kama hayo ndiyo yote..." Daktari alinyoosha mkono ampe Mzee Abdulrazaq.

"Kaka, umesahau mkono."

Sauti ilitoka nyuma. Watu wakapisha. Tatu alikuwa amesimama na toroli lake, kompresa juu, boksi la spana limefungwa kwa kamba. Alikuwa anahama, na barabara ya kuhamia inapita hapo hapo.

"Huyu si ndiye aliyewapeleka mtaroni?" aliuliza jirani mmoja.

"Shikamoo, mzee," Tatu alimwambia Mzee Abdulrazaq. "Sijaja kwa ugomvi. Mama yangu yuko Mloka anangoja hilo tela, ni namba kumi na saba. Likipinduka njiani ndiyo basi tena. Kaka Huseni alinifundisha kwamba tairi iliyotumika haitoki dukani bila kutiwa mkono ndani. Naomba atie mkono tu. Mimi naondoka."

"Mkono wa nini?" Daktari aliuliza.

Huseni alijibu bila kumtazama mtu. "Tairi ikitembezwa na mzigo wakati upepo umepungua, inajikunja na kuungua kwa ndani. Nje haionekani. Ndani inatoa unga. Ukipitisha kiganja, unaupata."

"Basi pitisha."

Mzee Abdulrazaq aliinuka kitini. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Huseni, mwanangu. Nimetoa kwa ajili ya Mungu. Kitu cha sadaka kinapekuliwa? Mbele ya watu wote hawa?" Akakohoa. "Ulipokuja kuposa, mimi nilikupekua?"

Birika la kahawa likasimama. Lori lilipita barabarani, likaisha.

Kulia kwa Huseni mkwe, kushoto kwake Daktari, na kizingitini mkewe amejishika mdomo. Angeweza kucheka kidogo, akasema baba hana neno, twende zetu. Watu wangepiga makofi. Jumatatu angeendesha polepole, pengine wangefika salama.

Akamtazama Tatu. Tatu alikuwa ameshika mkono wa toroli, anamsubiri, kama siku zile za mwanzo alipokuwa akisubiri aambiwe amefunga nati sawasawa au hapana. Huseni akaona haya. Haya ya kweli, ile inayomtoa mtu machozi.

"Niwie radhi, baba," alisema.

Akapiga goti, akaingiza mkono ndani ya tairi ya kwanza mpaka kwenye kiwiko, akapitisha kiganja polepole.

Alipoutoa ulikuwa mweusi. Chembe za mpira zilijaa kiganjani kama majani ya chai.

Tairi ya pili, unga. Ya tatu, unga na nyuzi zimechomoza. Ya nne hakuhitaji hata kufika mbali.

"Ni vumbi hilo," alisema Mzee Abdulrazaq. "Vumbi la dukani."

"Vumbi la dukani ni jekundu, baba. Hizi zimeungua." Huseni aliinuka, mkono ameuweka mbali na kanzu. "Daktari, na ile iliyopasuka ilitoka kundi hili hili. Sikuitia mkono. Nilimwonea haya baba. Tatu alitia upepo mia na kumi kamili. Geji niliisoma mimi kwa macho yangu. Nimemsingizia."

"Masalale!" mtu alisema.

Daktari Consolatha alikunja mikono kifuani. Tabasamu lilikuwa limekwisha zamani.

Mzee Abdulrazaq alirudi kitini taratibu, kama amezeeka hapo hapo. "Kwa hiyo aliyemvunja yule nesi ni mimi?" aliuliza. "Mimi nilikuwa muuza nazi. Nazi naijua, naigonga tu nasikia. Hizi nilizipokea kwa macho. Nikampa mtu kifo nikakiita sadaka?"

Huseni alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Kibiti siku hiyo haikuwa na habari naye. Hata hivyo, ndugu msomaji, ndani kabisa alijisikia mwepesi. Amesema. Tatu ametoka lawamani. Alidhani ameshautua mzigo.

Hata nusu alikuwa hajautua!

"Na umri wake?" Daktari aliuliza kwa sauti kavu. "Hizo namba nne. Nataka kujua nilitaka kupokea nini."

Tatu alikuwa ameshachomoa kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye boksi lake. Akachuchumaa, akasugua ubavu wa tairi ya kwanza. Kiwi kikatoka. Akasugua tena, safari hii kwa nguvu, akasimama ghafla.

"Daktari. Njoo usome mwenyewe."

Mnajua madereva wanavyofanya. Tairi za gari kubwa zinaibwa, kwa hiyo kila mwenye gari anachoma namba yake ubavuni kwa chuma cha moto. Hapo chini ya kiwi namba ilikuwa imesuguliwa kwa msasa, lakini moto wa chuma huwa unaingia ndani. Nne. Moja. Nane. Na ile nane imepinda, imelala ubavu, kwa sababu aliyeichoma alitumia waya uliopinda.

"Mia nne kumi na nane," Daktari alisoma. "Hii si namba ya tela langu?"

Tatu akasugua ya pili. 418. Ya tatu. 418.

Huseni aliitambua nane ile kabla ya mtu yeyote. Waya ule aliupinda yeye.

Yakamrudia yote. Mwaka jana, kurudi Mloka. Mchanga ulikuwa mwingi, akapunguza upepo tairi zote nane mpaka sitini ili tela lisizame, kama wanavyofanya madereva wote wa njia ile. Sheria ni moja: ukigusa lami, simama, rudisha upepo. Kurudisha upepo tairi nane ni saa nzima, na jioni ile kulikuwa na mechi ya mpira, ya watani wa jadi. Huseni hakusimama. Alikimbiza tela zima juu ya tairi laini mpaka Kibiti, akafika kipindi cha pili kinaanza, harufu ya mpira inamfuata. Kesho yake alimwambia Daktari kwamba tairi zimechoka, umri umeenda. Daktari akanunua nyingine. Zile za zamani Huseni akampa Mudy azikate katambuga, ushahidi uishe.

Mudy akazikata mbili. Sita, kumbe, aliona zina kashata, akamuuzia Mzee Abdulrazaq.

Tatu alishusha macho polepole mpaka kwenye miguu ya Huseni, kwenye zile katambuga, na macho ya uwanja mzima yakashuka naye.

"Bwana Huseni," alisema Daktari Consolatha. Aliuliza kama alivyouliza asubuhi, sauti ile ile. "Nani aliyeziunguza tairi hizi?"

Mudy alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo. Mshona katambuga, maskini wa Mungu, hana wa kumtetea. Kumnyooshea kidole ni kazi ya sekunde moja.

Mkono wa Huseni ukainuka. Ule ule wa asubuhi, sasa mweusi mpaka kwenye kiwiko. Mudy akarudi nyuma.

Kidole kikageuka, kikagusa kifua cha mwenye nacho, kikaacha doa jeusi kwenye kanzu.

"Mimi," alisema Huseni. "Sikurudisha upepo. Nilikuwa nawahi mechi."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Mechi," Daktari alirudia. "Belinda amevunjika bega, fundi wangu nimemfukuza, na wazee sitini wangebaki gizani. Mechi." Akanyoosha kiganja. "Funguo."

Huseni alitoa funguo za lori. Zilikuwa zimeshaingia masizi. Daktari alizipokea hivyo hivyo.

"Tatu, rudisha kompresa yako getini. Na mimi nakuomba radhi mbele ya watu hawa, kwa sababu nilikufukuza mbele ya watu."

"Ahsante, Daktari," alisema Tatu. Kisha akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa analikwepa. "Na Jumatatu? Tairi hakuna. Dereva hakuna. Mama nimwambie nini?"

Daktari alizigeuza funguo kiganjani.

"Tatu," alisema Huseni. "Mdogo wangu. Nisamehe."

"Nimekusikia, Kaka," alisema Tatu, akageuza toroli lake.

Mzee Abdulrazaq ndiye aliyeinuka sasa, bakora mkononi. Hakumwendea Huseni. Alimwendea Mudy.

"Wewe! Namba hizi zimesuguliwa kwa msasa. Ulijua! Uliniletea mimi uchafu huu, ukanisugulia na namba, nikatia watu hatarini! Ni nani aliyekutuma?"

"Mzee, mimi sikusugua kitu!" Mudy alijikinga uso kwa mikono miwili. "Wallahi, sindano yangu hii hapa, msasa sina! Zilikuja kwako zikiwa hivyo! Muulize..."

Akanyamaza. Lakini alikuwa ameshatazama kizingitini, na bakora ikabaki hewani.

Yasmin alisimama. Alipita katikati ya watu, akaja mpaka mbele ya baba yake, akaushika mkono wenye bakora na kuushusha. Hakumtazama mumewe.

"Mwache Mudy, baba. Zile namba nilizisugua mimi, tairi zikiwa bado kwake. Nilikuwa namsitiri mume wangu."